Tovuti ya chuo ikizidiwa na roboti, usikimbilie kufunga mlango

Simu iliita kabla ya saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, wiki ya kwanza ya Oktoba. Alikuwa mzee mmoja wa upande wa Kitangari, wilayani Newala. Mwanawe alikuwa amechaguliwa kujiunga na chuo chetu, na fomu za kujiunga zinapatikana kwenye tovuti tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Juzi na jana nimekwenda steshenari, kijana wa pale anahangaika weee, haifunguki. Ananiambia tovuti yenu imekufa. Leo nauli ya bodaboda sina tena, na mnada wa kwanza wa korosho bado. Sasa mnanisaidiaje?"

Nilimwomba namba ya yule kijana wa steshenari, nikamtumia fomu kwa WhatsApp, ikachapwa siku hiyohiyo. Yake yakaisha. Lakini ile "juzi na jana" ilinikaa rohoni, maana juzi na jana hiyo sisi ofisini tulikuwa tunaambiana kuwa mtandao unasumbua, utatulia wenyewe.

Nafanya kazi ya tehama katika chuo kimoja hapa Mtwara. Ninaandika haya kwa wenzangu wanaotunza tovuti za vyuo, hasa vyuo vyetu vya mikoani ambako idara nzima ni watu wawili au watatu, kwa sababu nimeona jambo hili likimkuta mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anaanza upya na makosa yaleyale niliyoyafanya mimi.

Tovuti ikizimika, kila mtu chuoni anajua sababu kabla hujafungua kompyuta. Wengine walisema mkongo. Siwalaumu. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikawa taabu Afrika Mashariki nzima, siku chache tu baada ya kimbunga Hidaya na mvua zake kukata barabara yetu ya Dar es Salaam kule Kilwa. Tangu siku zile, mtu wa kusini akiona ukurasa haufunguki anaangalia baharini. Wengine walisema tumedukuliwa, na neno hilo lilifika kwenye magrupu ya wazazi kabla ya saa nne. Hapo ndipo nilipopata somo la kwanza: mwambie msemaji wa chuo mapema, tena kwa maandishi, nini kimetokea na nini hakijatokea. Mzazi aliyekwisha kulipa ada akisikia chuo kimedukuliwa hawazi tovuti, anawaza hela yake.

Hakuna aliyekuwa ametudukua. Seva, ile kompyuta inayotunza tovuti, ilikuwa inawaka, umeme upo, mkongo upo. Nikafungua logi.

Kwa asiyeijua, logi ni daftari la mlangoni. Kila anayebisha hodi kwenye tovuti anaandikwa: ametokea anwani gani ya IP, yaani namba inayomtambulisha mtandaoni, saa ngapi, ameomba ukurasa upi, amejitaja kwa jina gani, na seva imemjibu nini. Watu wengi wa kazi yetu hulifungua daftari hili wakishashindwa kila kitu kingine. Lifungue kwanza. Ni faili la maandishi tu, halihitaji programu ya kununua.

Nilichokiona kilikuwa hivi. Saa nane na dakika kumi na nne usiku, ndani ya sekunde moja, mtu mmoja anaomba orodha ya tasnifu zilizopangwa kwa mwandishi. Sekunde hiyohiyo, orodha ileile imepangwa kwa mwaka. Sekunde hiyohiyo tena, imepangwa kwa mada, kuanzia ukurasa wa arobaini na mbili. Halafu mwaka na mada pamoja. Halafu mwaka, mada na msimamizi. Hakuna binadamu anayesoma hivyo, na hakuna aliyefungua tasnifu hata moja. Nikashuka chini kurasa na kurasa za logi, ni hayohayo mpaka alfajiri. Katikati yake, kama sindano kwenye marobota ya pamba, mstari mmoja: simu ya mkononi, inaomba fomu ya kujiunga, imejibiwa 503. Maana ya 503 ni kwamba seva imeelemewa, haiwezi kuhudumia. Chini yake simu hiyohiyo inaomba tena, 503. Tena, 503. Nilikaa nikiangalia mistari hiyo mitatu kwa muda mrefu kuliko ile mingine yote.

Hizo ni roboti, programu zinazotembea mtandaoni zenyewe na kukusanya kurasa. Wengine huziita "boti", lakini kwa mtu wa pwani boti ni chombo cha baharini, kwa hiyo nitabaki na roboti. Si ngeni. Injini za utafutaji zimekuwa zikitembea hivi tangu miaka ya 1990, na ndizo zinazomwezesha mtu aandike jina la chuo chako akakipata. Kilichobadilika ni hamu ya kampuni za akili mnemba kukusanya maandishi ya kufundishia mifumo yao. Hilo halijatukuta sisi peke yetu. Shirika la Wikimedia, linaloendesha Wikipedia, lilieleza Aprili 2025 kwamba tangu Januari 2024 matumizi yao ya mtandao kwa kupakua picha na video yameongezeka kwa 50%, na kwamba 65% ya maombi yanayowagharimu zaidi yanatoka kwa roboti. COAR, muungano wa kimataifa wa hazina za machapisho ya wazi, uliuliza wanachama wake mwaka 2025; zaidi ya 90% ya waliojibu walisema wanakumbana na roboti zenye fujo. Nilimpelekea bosi wangu taarifa hizo mbili kabla ya kumwomba chochote, na nakushauri ufanye hivyo. Zinaondoa lile wazo kwamba mtu wa tehama amezembea.

Kwa nini vyuo vinaumia kuliko duka au gazeti? Kwa sababu ya ripozitori, ile hazina ya tasnifu na tafiti. Chukua hazina yenye tasnifu 1,000 tu. Programu nyingi za kazi hii, DSpace ikiwamo, zinampa msomaji vichujio: mwaka, mada, msimamizi. Ukiwa na miaka 20, mada 300 na wasimamizi 40, michanganyiko yake ni 240,000. Kila mmoja unaweza kupangwa kwa kichwa au kwa tarehe, kwa kupanda au kwa kushuka, na hapo umefika 960,000. Karibu kurasa milioni moja kutokana na tasnifu 1,000! Binadamu anabofya vichujio viwili, anapata anachotaka, anaondoka. Roboti inafuata kila kiungo inachokiona, na kila kiungo kinailazimisha hifadhidata kutafuta upya, kazi ambayo ni nzito mara nyingi kuliko kutoa PDF iliyokwisha kuandaliwa. Seva yetu ilikuwa inachoshwa na upangaji wa orodha. Usomaji wenyewe haukuwa tatizo.

Na kwa kuwa hazina, tovuti kuu na mfumo wa wanafunzi vilikaa kwenye mashine moja, kimoja kilipolemewa vyote vililala. Ndiyo maana mzee wa Kitangari alikosa fomu.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike. Nilichukua anwani za IP zilizoomba mara nyingi zaidi, nikazifunga zote kwenye ukuta wa usalama, mia na zaidi kwa mpigo. Seva ikapumua. Nilitoka nimeridhika, nikaenda zangu sokoni. Jioni simu zikaanza: wanafunzi wa hosteli za Chuno, wa Magomeni, wa Ligula, wote hawafungui tovuti, wote wanatumia laini ya mtandao mmoja. Wa mitandao mingine wanafungua bila shida.

Nilikuwa nimewafungia wanafunzi wetu wenyewe. Anwani za IP za mfumo wa zamani, IPv4, zote duniani ni kama bilioni 4.3, na zimegawanywa zikakaribia kwisha. Kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi sana nyuma ya anwani moja ya nje. Kwa seva yangu, mamia ya wanafunzi wenye simu tofauti walionekana ni mtu mmoja anayebisha hodi bila kupumzika. Msimu wa udahili kila mtu anaangalia jina lake, anatafuta namba ya malipo, anapakua fomu. Kwa hesabu yangu ya haraka mtu huyo "mmoja" akawa roboti mbaya kuliko zote. Usifunge anwani yoyote kabla hujaangalia ni ya nani na inaomba nini. Anwani ya kampuni ya simu ya Tanzania inayoomba fomu na matokeo ni watu wako. Jambo hili dogo lilinigharimu siku nzima ya wanafunzi kukosa huduma, na lilikuwa linaepukika kwa dakika kumi za kusoma.

Siku iliyofuata mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, alipendekeza tufunge nchi za nje zote tubaki na Tanzania. Nikakataa, na bado nakataa. Wanafunzi wetu wengi wenye bando dogo hutumia Opera Mini. Kivinjari hicho hupitisha kurasa kwenye seva zake ili kuzibana zisile bando, kwa hiyo mwanafunzi aliyekaa Tandahimba anaweza kuonekana kwako kama mgeni wa nchi nyingine. Ukifunga nje, unamfunga yeye. Pia unawafunga watafiti wanaotaka kusoma kazi za vijana wetu, na unajiondoa kwenye injini za utafutaji zinazoleta wasomaji hao. Kuna tasnifu kwenye hazina yetu juu ya ugonjwa wa ubwiriunga wa mikorosho, juu ya mwani, juu ya methali za Kimakonde. Ziliandikwa zisomwe. Sina ugomvi na mtu wa mbali kuzisoma, hata mashine kuzisoma. Ugomvi wangu ni pale usomaji huo unapomtoa nje mwenye nyumba.

Kuna pia dawa inayosifiwa sana siku hizi, lango linalokitaka kivinjari kikokotoe hesabu fulani kabla ya kupita. Anubis, iliyoanza kutumika 2025, ni mojawapo. Kompyuta nzuri inamaliza mara moja, na roboti inayoomba kurasa maelfu inaona gharama. Niliijaribu kwenye simu ya bei ya chini ya mdogo wangu, ya kioo kilichopasuka, na kwenye simu ile hesabu ilichukua muda wa kukatisha tamaa. Kwenye kivinjari kisichotumia JavaScript, lugha inayofanya hesabu hiyo ndani ya kivinjari, haikupita kabisa. Kwa chuo ambacho wasomaji wake wana kompyuta mpakato inaweza kufaa. Kwetu, kama utaiweka, iweke kwenye kurasa za utafutaji wa tasnifu pekee, isikaribie fomu za kujiunga wala matokeo.

Kilichotusaidia kweli kilikuwa cha kawaida kuliko nilivyotarajia.

La kwanza na kubwa kuliko yote, tulitenganisha. Fomu za kujiunga, majina ya waliochaguliwa, ratiba na matangazo tukazitoa kwenye mfumo unaotengeneza ukurasa upya kila unapoombwa, tukaziweka kama kurasa tuli, faili lililo tayari, kwenye seva ndogo ya peke yake. Faili tuli ni kama karanga zilizokwisha fungwa: mteja anafika, unampa, anaondoka. Hazina ya tasnifu ikapewa mashine yake. Siku hizi ikizidiwa inalala peke yake, na mzazi wa Newala hana habari. Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, fanya hili.

Pili, kikomo. Nilianza na kikomo kwa kila anwani ya IP, nikagundua hakifai kwa pande zote mbili: kinawabana wanafunzi wanaogawana anwani, na hakizibani roboti za sasa, ambazo nyingi hujigawa kwenye maelfu ya anwani, nyingine za majumbani mwa watu, kila anwani ikiomba kurasa moja au mbili tu. Basi nikageuza. Badala ya kumwekea kikomo mgeni, niliuwekea mlango. Kurasa zote za vichujio na utafutaji kwenye hazina, kwa wageni wote kwa pamoja, zina idadi ninayokubali kwa sekunde; inayozidi inajibiwa 429, yaani maombi yamezidi, jaribu baadaye. Nginx, programu ya bure ya kuendeshea seva ya tovuti, inafanya hivyo bila kununua kitu. PDF yenyewe na ukurasa wa kila tasnifu haviguswi na kikomo hicho. Mwenye kiungo cha tasnifu anaipata saa yoyote, hata roboti zikiwa zinapigana vikumbo kwenye vichujio.

Na vichujio vyenyewe tulivipunguza. Tulimwuliza mkutubi wetu ni vipi wanafunzi wanavyotumia kweli. Akajibu bila kufikiri: jina la mwandishi na mwaka, basi. Miaka yote tulikuwa tumebeba vichujio ambavyo hakuna mtu aliyeviomba. Tusingemwuliza mama yule tungebaki tunashindana na roboti kwa ajili ya viungo visivyo na mtumiaji.

Faili la robots.txt nalo liweke, lakini ujue kikomo chake. Ni utaratibu uliobuniwa na Martijn Koster mwaka 1994, ukawekwa kwenye kiwango rasmi, RFC 9309, mwaka 2022. Ni tangazo tu mlangoni: hapa usiingie. Roboti zenye adabu hulisoma. Kampuni kubwa za akili mnemba zimetangaza majina ya roboti zao, kama GPTBot ya OpenAI, na Google imetoa jina Google-Extended ambalo ukilikataza unazuia matumizi ya kufundishia akili mnemba bila kujitoa kwenye utafutaji wa kawaida. Sisi tulikataza njia za vichujio kwa roboti zote, tukaacha tasnifu wazi. Siku chache baadaye baadhi ya majina yalitoweka kwenye sehemu hizo za logi. Yasiyotoweka ni yale yanayojitaja kama kivinjari cha kawaida ilhali hayafungui picha wala hayabofyi kitu. Hayo tangazo haliyahusu, ni kikomo kitakachoyashika. Na tahadhari: roboti yoyote inaweza kujiita Googlebot, jina la roboti ya utafutaji ya Google. Kabla ya kuipa upendeleo, geuza anwani yake ya IP iwe jina la mashine, uone kama kweli ni ya Google, kisha ugeuze jina lile lirudi kwenye anwani uone kama yanalingana.

Nikiwa ndani ya logi nilikuta jambo jingine ambalo sikulitafuta, na lilinishtua zaidi ya seva kulala. Kati ya mafaili yaliyochukuliwa na roboti usiku mmoja kulikuwa na orodha ya zamani ya wanafunzi, PDF, yenye majina kamili na namba za simu. Haikuwa na kiungo kwenye ukurasa wowote tuliokuwa tunautumia. Mtu aliiweka kwenye folda miaka ya nyuma, ikasahaulika. Roboti haikusahau. Kilichokwisha kuchukuliwa hukirudishi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, na chuo kinawajibika kwa taarifa za wanafunzi wake. Tulitoa mafaili ya namna hiyo siku hiyohiyo, na tukakubaliana na ofisi ya udahili kwamba orodha za hadharani zitabeba namba ya mtihani bila namba ya simu. Kwa hiyo kabla hujafikiria roboti, pitia folda zako za mafaili yaliyopandishwa, moja baada ya nyingine. Ni kazi ya kuchosha, chukua siku nzima, chukua chai.

Kuhusu hela: wiki ile nilikuwa nimekwisha andika ombi la kununua seva kubwa zaidi. Niliifuta barua. Seva kubwa ingewapa roboti meza kubwa zaidi ya kulia, na baada ya miezi michache tungerudi palepale tukiwa na deni. Tulichotumia ni kulipia seva ndogo ya kurasa tuli na wiki tatu za kazi yetu. Bosi anayeombwa kidogo, akaonyeshwa logi yenye ile mistari mitatu ya 503, anaelewa haraka. Nilimchapia ukurasa ule kwenye karatasi, nikapigia mistari ile kalamu nyekundu.

Jambo la mwisho tulilolibadilisha halihusu seva hata kidogo. Fomu za kujiunga sasa tunazituma pia kwa walimu wakuu wa sekondari na kwa steshenari kadhaa za Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyamba kwa WhatsApp, siku ileile zinapopandishwa. Yule kijana wa steshenari ya Kitangari ni wa kwanza kwenye orodha.

Juzi, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, nilichukua ile simu ya mdogo wangu yenye kioo kilichopasuka, nikapanda daladala mpaka Naliendele, nikasimama mahali ambapo mtandao unashuka, nikafungua ukurasa wa fomu kwa bando la kawaida. Nilihesabu kwa sauti. Nilipofika nne, fomu ilikuwa imefunguka.